Mepo ya gome la damu: shajara ya mbegu, Oktoba 2022 hadi Juni 2025

9 Oktoba 2022

Leo hatimaye nimebisha hodi. Mti uko kwenye ua wa bibi mmoja, mtaa wa tatu kutoka kwetu hapa Worcester, Massachusetts, na tangu tuhamie nimekuwa nikipunguza mwendo kila nikiupita, kwa sababu ya gome lake. Kwa mtu aliyekulia Lindi kama mimi, njia rahisi ya kuueleza ni kuanza na mpera. Gome la mpera ni laini na hubanduka vipande vipande. Huu nao unabanduka, ila maganda yake ni membamba, yanajikunja yenyewe kama vijiti vya mdalasini, na hayaanguki upesi. Yanabaki yameshikilia shina na matawi. Rangi nayo ni ya mdalasini, na jua la jioni likipenya nyuma ya ganda moja unaliona limewaka.

Bibi alinisikiliza, akaniambia nichukue mbegu zote nitakazo, kwani yeye kila mwaka huzifagia. Nikamuuliza kama amewahi kuona mche umeota chini ya mti. Akafikiri kidogo. Amekaa katika nyumba hiyo zaidi ya miaka thelathini, hajaona hata mmoja.

Mbegu nilizokusanya zimejaa nusu ndoo. Kila moja ina bawa lake, nazo huja mbilimbili, zimeungana kichwani. Mti unaozaa hivi kila mwaka, na haujapata mche mmoja kwa miaka thelathini! Nimefanya kazi kitaluni miaka sita kabla ya kuja huku, na jambo hilo limenikaa rohoni. Ndiyo maana naanza kuandika.

11 Oktoba 2022

Jina la kitaalamu ni Acer griseum. Neno la pili ni la Kilatini, lina maana ya kijivu, na halihusu gome hata kidogo: linahusu upande wa chini wa jani, ambao una weupe wa majivu. Jani lenyewe ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, kwa hiyo asiyeujua angekataa kwamba huu ni ndugu wa mepo (maple), ule mti wenye jani lililoko kwenye bendera ya Kanada. Wachina wanauita xue pi qi, yaani mepo yenye ngozi ya damu. Mimi katika shajara hii nitauita mepo ya gome la damu, maana wenyewe nyumbani kwake ndivyo walivyouona.

Nimepasua mbegu 50. Kokwa lake ni gumu kama mbao, makasi ya kupogolea yameteleza mara mbili, nikaishia kutumia plaizi. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akihesabu. Tumepasua ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Tulipofika ya kumi na tano akaniambia, "Mama, hizi ni nyumba tu, hazina mtu." Katika 50, iliyokuwa na kiini cheupe kilichojaa ni moja.

Hazijaoza wala hazijaliwa na mdudu. Mti huu una tabia ya kuunda tunda hata ua lisipochavushwa: bawa linakua, kokwa linakomaa na kuwa gumu, kila kitu cha nje kinakamilika, na ndani hakuna kilichotungwa. Wakulima wa vitalu wanalijua hilo tangu zamani na wanasema kwamba mara nyingi katika mbegu mia hupati tano nzima. Mti ulio peke yake ndio unaoathirika zaidi, kwani hauna mwenzake wa kubadilishana chavua. Wa bibi uko peke yake. Nimezunguka mtaa mzima leo jioni kuhakikisha.

30 Oktoba 2022

Baada ya ibada nilimsimulia Mzee mmoja wa Bujumbura, ambaye anafanya kazi kwenye kitalu cha miti nje ya mji. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Dada, kwetu ile miti iko nane, kwa mstari mmoja. Kuja uone." Jumamosi nimekwenda. Mwenye kitalu amenihakikishia kwamba yote minane ilitokana na mbegu, kwa hiyo si vitawi vya mti mmoja vilivyopandikizwa, na akaniruhusu niokote.

Nimepasua 50 za safu ile. Nzima zimekuwa nne.

Nne si nyingi. Lakini kutoka moja hadi nne, kwa umbali wa hatua chache kati ya mti na mti! Sasa nina trei mbili: trei A ina mbegu 150 za mti wa bibi, trei B ina mbegu 400 za safu ya kitaluni. Najua hesabu hizi ni ndogo na haziwezi kuthibitisha jambo kwa mwanasayansi. Mimi naziandika ili nijue nitegemee nini.

20 Novemba 2022

Huku nasubiri, nimekuwa nikisoma juu ya kwao. Siwezi kuotesha mbegu nisiyojua imetoka kwenye udongo gani na baridi gani. Mwalimu wangu wa kwanza wa kitaluni asingenisamehe.

Kwao ni China ya kati: Hubei, Hunan, Sichuan, Chongqing, Shaanxi, Gansu, Henan, Shanxi. Ukisoma orodha hiyo haraka utadhani umetapakaa nchi nzima, lakini si hivyo. Ni mti wa milimani, wa kati ya meta 1,500 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye miteremko yenye misitu mchanganyiko ya miti inayopukutisha majani. Huko unaishi pamoja na mialoni na jamaa zake wengine wa mepo, mara nyingi ukingoni mwa msitu au kwenye mwinuko wenye mawe. Bustanini huwa mti mdogo wa meta saba, nane, kumi. Msituni unaweza kufika meta 20.

Safu ya milima iliyonishika zaidi ni Qinling, huko Shaanxi. Inapita mashariki hadi magharibi na ndiyo inayogawa China ya kaskazini na ya kusini: upande mmoja ngano na baridi kavu, upande mwingine mpunga na mvua. Kilele chake, Taibai, kinapita meta 3,700. Katika misitu ya huko wanaishi panda wakubwa na wale nyani wa rangi ya dhahabu wenye nyuso za samawati. Mvua nyingi hunyesha kiangazi, yaani miezi ya joto ya huko, inaletwa na pepo za monsuni. Binamu wa pepo hizohizo ndio waliovusha majahazi kutoka Arabuni hadi kwetu Kilwa, na nimefurahi kupita kiasi kuliona neno hilo kwenye ukurasa unaozungumzia mti wa theluji. Kipupwe nacho huko ni cha barafu kweli.

Kwa hiyo mbegu hii inaangukia kwenye udongo wa mlimani wakati wa vuli (naitumia vuli kwa maana ya huku, majani yanapopukutika, si mvua zetu za Oktoba na Novemba), inafunikwa na theluji, kisha inapata kiangazi kizima cha joto na mvua kinacholainisha kokwa, kisha theluji tena. Haioti mwaka wa kwanza. Huota masika ya pili (masika nayo kwa maana ya huku, theluji inapoyeyuka), na nyingine masika ya tatu. Imefungwa kwa kufuli mbili: kokwa gumu nje, na kiini kinachodai baridi ndani. Ukifungua moja tu hujafungua mlango.

Na sasa la kuhuzunisha. Mti huu uko kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Umepandwa katika bustani za Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, unauzwa madukani kwa bei kubwa, watu wanaupiga picha kila kipupwe, na kwao umebaki vikundi vidogo vilivyoachana mbali. Misitu ile ilikatwa kwa mbao, kuni na mashamba. Mara nyingi kilichobaki ni kilicho kwenye mwinuko mkali, mahali ambapo shoka lilichoka kufika. Mtu angeweza kusema: basi mradi miti imebaki, itazaa. Ndipo ninapokumbuka ile ndoo ya bibi. Mti ukibaki mmoja bondeni na mwenzake yuko ng'ambo ya mlima, utazaa kila mwaka, utatoa mabawa kwa maelfu, na chini yake hapataota kitu.

Kwetu tunao mti wenye msiba wa aina hii. Karomia gigas, ulioonekana kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977 na baadaye Tanzania, umebaki michache mno katika misitu ya Kilwa na Lindi. Unaangusha matunda kwa wingi, na mbegu hai ndani yake ni za kutafuta kwa tochi. Nilisikia habari zake nikiwa bado kitaluni Lindi, na sikupata kuugusa. Labda ndiyo sababu nimeng'ang'ania huu.

3 Desemba 2022

Nimezianza rasmi. Nimekata mabawa, nimesugua kila kokwa kwa tupa upande usio na kiini, nimeloweka siku mbili kwa kubadilisha maji, kisha nimezichanganya na mchanga na kuvumwani iliyolowa kiasi: ukiikamua mkononi isitoe maji zaidi ya tone moja. Mifuko miwili, A na B. Miezi mitatu itakaa kabatini karibu na bomba la maji moto, halafu friji.

Mume wangu ameuliza kama ile ya friji ni lazima iwe friji yetu. Ni lazima.

22 Aprili 2023

Hakuna kitu. Nilitegemea hivyo, lakini nilikuwa nikichungulia mifuko kila Jumapili. Nimezipanda zote kwenye trei, nimezifukia kina cha kidole kimoja, nimeziweka nje upande wa kaskazini wa nyumba, kwenye kivuli. Kuanzia sasa nitaziachia majira yenyewe, mvua na theluji ya Worcester, kama ilivyo mlimani.

5 Novemba 2023

Leo tumekwenda Boston, kwenye bustani ya miti ya Arnold ya Chuo Kikuu cha Harvard. Kuingia ni bure, na unaweza kutembea kutwa. Nilikwenda kwa ajili ya miti ya zamani ya gome la damu iliyopo pale, iliyotokana na miche iliyoletwa kutoka China mwaka 1907.

Aliyeileta ni Ernest Henry Wilson, Mwingereza aliyezaliwa 1876. Safari yake ya kwanza ya China ilikuwa 1899, ametumwa na kitalu cha Veitch cha Uingereza akatafute mti mmoja tu, Davidia, wenye maua yanayoning'inia kama leso. Aliupata, na pamoja nao akapeleka mengine mengi. Mwaka 1901 mbegu za mepo hii zikafika Uingereza kutoka kwake. Wataalamu walikuwa tayari wameuandika: Mfaransa Franchet mwaka 1894 aliuona kama namna tu ya mepo fulani ya Japani, na mwaka 1902 Mjerumani Pax akaupa cheo cha spishi yake yenyewe. Baadaye Wilson akaanza kukusanya kwa ajili ya bustani hii ya Boston, ndipo ile miche ya 1907 ikaja.

Nimesimama chini ya mmoja wao muda mrefu. Mepo nyingine zilikuwa zimeshamaliza kupukutisha, huu ndio kwanza umeingia kwenye wekundu wake. Shina ni nene kuliko nilivyotarajia, na gome upande wa jua limechanika mikanda mikanda. Binti yangu alitaka kubandua kipande, nikamkataza. Akashika kwa kiganja tu.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: sehemu kubwa sana ya miti yote ya aina hii iliyoko Ulaya na Marekani imetokana na makusanyo ya mtu huyo mmoja, kutoka mahali pachache. Ukoo mpana kwa idadi, mwembamba kwa damu. Mwaka 1994 miche mingine ilikusanywa Hubei, kwenye mlima Wudang. Kisha 2015 wataalamu wa bustani za Marekani pamoja na wenzao wa China walizunguka mikoa kadhaa kuutafuta mti huu mahali palipobaki, wakichukua majani kwa ajili ya vinasaba, ili wajue kikundi cha mlima huu kinatofautianaje na cha mlima ule. Nafurahi kuwa kazi hiyo ipo. Kabla ya kuhifadhi ukoo lazima uujue umekaaje.

Wakati wa kurudi nilimwambia mume wangu jambo ambalo nililigundua wiki iliyopita. Wilson alikufa Oktoba 1930, yeye na mkewe, katika ajali ya gari. Hapa Worcester. Sijui kwa nini imenichukua muda kulizoea. Mtu aliyeokoka maporomoko ya mawe huko Sichuan mwaka 1910, akavunjika mguu na kuchechemea maisha yake yote, amekuja kufia kwenye barabara za mji ninaonunulia mchele.

14 Aprili 2024

Zimeota!

Nilitoka kumwagilia trei B asubuhi nikaona kitu chekundu kimepinda kama kibanio cha nywele kikitoka udongoni. Nikapiga magoti. Kulikuwa na vitatu. Kufikia leo jioni vimefika tisa. Majani ya mbegu ni mawili, marefu, membamba, na mche mmoja kati ya hiyo tisa bado umevaa kofia ya kokwa lake, unahangaika kuivua. Sikuusaidia, ingawa mkono ulitaka.

Trei A haina kitu.

17 Aprili 2024

Usiku panya au kindi ameingia. Miche mitatu imekatwa shingoni, na mashimo manne yameachwa wazi mahali mbegu zilipokuwa. Kosa ni langu. Nilikuwa nimefunika kwa wavu wa plastiki badala ya wa chuma, na nilijua. Leo nimenunua wavu wa chuma wa matundu madogo, nimekunja hadi chini ya trei.

Nimelia kidogo, naandika ukweli. Miezi kumi na minane, halafu mnyama mmoja, usiku mmoja. Kisha nikafikiria mbegu inayolala vipupwe viwili kwenye udongo wa Qinling bila wavu wowote. Katika mia, nzima ni chache. Katika hizo nzima, wangapi hufika masika ya pili kabla ya kuliwa? Hesabu hiyo sikuwahi kuihisi mwilini kabla ya leo.

Imebaki sita.

28 Julai 2024

Joto kali, zaidi ya wiki sasa. Mti huu haupendi mizizi yake ikauke, na haupendi kulowa muda wote pia. Kwao maji ya kiangazi ni mengi ila mteremko huyaondoa. Kwa hiyo nimehamishia miche kwenye vyungu virefu, udongo mchanganyiko wa mboji ya majani, mchanga mkubwa na magome yaliyosagwa, na kivuli baada ya saa sita mchana. Mmoja umekufa kwa kuoza shina usawa wa udongo, uwezekano mkubwa nilimwagilia jioni mara nyingi mno. Waliobaki watano wana majani ya vijani vitatu, meno makubwa pembeni, na upande wa chini ule weupe wa majivu. Ni griseum kweli.

Mzee wa Bujumbura alikuja kuwatazama. Aliinamia kila chungu kama anayesalimia watoto, kisha akauliza lini gome litaanza kubanduka. Nikamwambia hadi kijiti kiwe na miaka miwili mitatu hivi. "Basi tutangoja," akasema, "si tumeshazoea."

20 Aprili 2025

Masika ya tatu. Nilikuwa karibu kuzimwaga trei nipate udongo wa nyanya. Nashukuru sikufanya hivyo: trei B imetoa mingine saba.

Na trei A imetoa mmoja.

Mbegu 150, miaka miwili na nusu, mche mmoja. Nilimwita binti yangu, sasa ana miaka kumi na moja na hahesabu tena kwa sauti. Alitazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mtu." Sikujua kwamba alikuwa bado analikumbuka neno lake.

Chavua ya mche huo imetoka wapi, siwezi kusema. Huenda kuna mwenzake nyuma ya nyumba fulani ambayo sijawahi kuzunguka, huenda mti ulijichavusha wenyewe. Nimeuwekea kibao chake peke yake.

15 Juni 2025

Hesabu ya leo: watano wa 2024, saba wa 2025 wa trei B, mmoja wa trei A. Jumla kumi na watatu. Kati ya wale wa mwaka jana, mkubwa una urefu wa shubiri mbili.

Nimeshaamua watakwenda wapi. Mmoja mmoja simpi mtu. Walioomba ni wengi kuliko miche, na nimewaeleza wote: nitatoa watatu kwa pamoja kwa mwenye nafasi ya watatu, au kwa majirani wawili wanaopakana na wako tayari kupanda pande mbili za uzio. Watano wakubwa wanakwenda kwenye uwanja wa kanisa, ambako tumekubaliana sehemu yenye mteremko nyuma ya ukumbi, umbali wa meta tano kati ya mti na mti. Mzee atasimamia mashimo.

Wawili wa trei B ni wa bibi. Nilimpelekea habari jana. Alikuwa amekaa kibarazani, na mti ule ukiwa nyuma yake, mabawa mapya ya kijani yameshaanza kuning'inia. Nikamweleza kwamba nataka kuupa mti wake majirani, kwamba itachukua miaka mingi kabla hawajatoa maua, na kwamba hakuna hakika. Akauliza wapandwe wapi. Tukatembea pamoja uani, polepole kwa sababu ya goti lake, hadi kona ambayo zamani ilikuwa na banda. Akachoma fimbo yake ardhini mahali pa kwanza, akanipa mimi nichome mahali pa pili.

Tutapanda Oktoba, joto likipungua. Mpaka wakati huo nahitaji vyungu vikubwa zaidi viwili na wavu wa chuma wa kuzungushia, meta nne.